Bluzi ya mistari mitatu: shajara ya mradi wa Ngamiani

Jumamosi, 10 Januari 2026

Tumeanza. Watu wanne sebuleni kwangu, Barabara ya 12, Ngamiani, hapa Tanga: mimi na gitaa la solo, mzee wa saksafoni, ambaye chombo chake kimefungwa kipande cha mpira wa baiskeli mahali skrubu ilipodondoka, bibi mmoja wa taarabu aliyesema amekuja kusikiliza tu, na dogo wa singeli na kompyuta yake ya mkononi. Mpiga tumba na mpiga besi wameahidi kuja wiki ijayo. Ahadi ya mpiga besi ni ya mpiga besi.

Mpango ni huu: tuchukue wimbo mmoja wa enzi ya jazi ya Marekani, tuupige kwa mitindo mitatu ya kwetu, taarabu, beni (ule muziki wa gwaride na matarumbeta) na singeli, kisha turekodi. Siyo kopi. Kopi nimezipiga hotelini miaka sita, najua ladha yake: unapiga wimbo wa mtu kama mwenyewe alivyoupiga, mgeni anatikisa kichwa, unakula ubwabwa jikoni, unarudi nyumbani.

Ubishi ulikuwa wimbo gani. Mimi nilikuja na "Summertime", aliotunga George Gershwin kwa ajili ya opera ya Porgy and Bess iliyopanda jukwaani 1935. Nyimbo chache zimezunguka kama huu. Billie Holiday aliuimba 1936 ukawa wa jazi. Billy Stewart 1966 aliutia soul, huku akitetemesha ulimi kama anaita kuku, ukaingia kumi bora za Marekani. Janis Joplin na kundi la Big Brother and the Holding Company wakaupasua kwa magitaa ya roki 1968. Sublime wakaupeleka kwenye rege, na 2019 Lana Del Rey akaimba huo wa Sublime, kwa hiyo sasa tuna mjukuu anayefanana na mjomba kuliko babu. Dogo alikuwa anaujua huo wa Lana Del Rey peke yake. Nilipomwambia una miaka 90 alidhani namtania.

Kilichouangusha ni sheria. Dogo anataka kazi ipande kwenye mitandao yote ya muziki, na wimbo uliotoka 1935 Marekani hauwi huru mpaka 2031. Sisi hatuna wakili, na mwaka 2031 mzee wa saksafoni ana mipango mingine. Tukashuka hadi "St. Louis Blues" wa W.C. Handy, uliochapishwa Memphis mwaka 1914. Kule umeshakuwa mali ya umma zamani. Hapa kwetu haki ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Handy alifariki 28 Machi 1958, hesabu rahisi. Juu ya hilo, tangu Januari mosi mwaka huu hata santuri zilizotoka Marekani mwaka 1925 ziko huru, na moja kati ya hizo ni huohuo wimbo ukiimbwa na Bessie Smith. Dogo alipolisikia hilo alifunga kompyuta, akaifungua tena. Najua anachowaza: kukata vipande.

Jumanne, 13 Januari

Leo kusikiliza tu, marufuku kushika chombo.

Bessie Smith kwanza. New York, 14 Januari 1925. Kesho inatimia miaka 101. Wako watatu: Bessie, Louis Armstrong na koneti, Fred Longshaw na kinanda cha mvukuto. Maikrofoni zilikuwa bado hazijaingia studio ile, waliimba na kupuliza ndani ya pembe ya kurekodia. Sauti inatoka kama mtu yuko chumba cha pili na mlango umeegeshwa. Bibi alikaa kimya mpaka mwisho, akaomba urudiwe, akasema: "Huyu mama haharakishi. Kama Siti." Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, miaka mitatu tu baada ya santuri hii, na sikuwahi kuwaweka wanawake hawa wawili kwenye rafu moja kichwani mwangu. Kisha Bibi akauliza: "Na huyo anayempulizia pembeni, si ndiyo fidla yake huyo? Kila akimaliza anajibiwa."

Mimi na shule yangu yote ya gitaa nimeusikiliza wimbo ule labda mara mia nikiita koneti ile "mapambo". Bibi dakika tatu.

Baadaye tukaweka wengine. Bob Wills na Texas Playboys wake, 1935, watu wa kofia pana na fidla: wamechukua mwendo wa densi, huzuni wameivulia kofia mlangoni. Glenn Miller na bendi ya jeshi la anga wakati wa vita kuu ya pili: maneno yote wametupa, wimbo umekuwa gwaride, na wanafunzi wa kijeshi waliokuwa Chuo Kikuu cha Yale walitembezwa nao. Armstrong mwenyewe aliurudia 1954 kwa karibu dakika tisa, kama mtu aliyebaniwa na dakika tatu za santuri ile kwa miaka 29. Chuck Berry aliupiga kwa gitaa lake la rokenrol miaka ya 1960. Herbie Hancock na Stevie Wonder, 1998, wakautia kiuno cha siku hizi, Stevie akiimba na kupuliza kinanda cha mdomo. Uimbaji ule ulimpa Grammy mwaka uliofuata.

Nilichoandika usiku: hakuna aliyeuchukua wote. Ni kama buchani. Wills kaomba miguu, Miller kaomba uti wa mgongo, Hancock kaomba nyonga. Bessie pekee ndiye aliyekaa na kichwa, na hata yeye ile sehemu ya katikati kaipitia bila mdundo wake. Sisi tunaomba mfupa gani?

Jumamosi, 17 Januari

Mpiga tumba amekuja. Mpiga besi hakuja.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuujua wimbo: una vyumba vitatu. Cha kwanza ni bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, mistari mitatu ya maneno na kodi tatu (za gitaa, siyo za serikali). Ukipiga kwa G, nyingine ni C na D. Cha pili kina vipimo 16, unahamia G maina, na mdundo unageuka kuwa habanera, mdundo wa Cuba ambao Marekani wakati huo waliuita tango. Nilipolitaja neno hilo mzee wa saksafoni aliuliza kama linaliwa na kachumbari. Cha tatu kinarudi bluzi ya 12 kwa sauti nyingine.

Nilitegemea chumba cha kwanza kitakuwa rahisi na cha pili kitatutoa jasho. Kinyume chake. Bluzi ilitushinda kwa saa nzima: tumba lilikuwa linajaza kila pengo, na bluzi inaishi kwenye pengo. Tulipofika kwenye habanera, hakuna aliyefundishwa. Mpiga tumba alifumba macho. Mzee akaingia na saksafoni kama anaingia nyumbani kwake kutoka sokoni. Vipimo 16 vikawa 40, vikawa 60, hakuna aliyetaka kutoka, jirani mmoja akasimama dirishani na mtoto begani.

Mzee ndiye aliyeeleza, huku akikausha mdomo wa saksafoni kwa shati. "Kijana, sisi tuliitwa Jazz. Atomic Jazz hapa Tanga, Jamhuri Jazz hapa Tanga, Morogoro Jazz, Western Jazz. Uliwahi kunisikia napiga jazi? Jazz maana yake ilikuwa kuna saksafoni na watu wamechomekea. Tulichopiga ni Cuba." Ni kweli. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932, na mwaka uliofuata zikaanza kutoka zile santuri za kampuni ya HMV za namba za GV, zilizojaa muziki wa Cuba. "El Manisero" wa Don Azpiazu, uliorekodiwa New York 1930, ulikuwa mmoja wao. Ukasikika Kongo, ukasikika pwani, watu wakaimba Kihispania cha kubuni.

Sasa angalia upande wa pili. Handy alifika Cuba mwaka 1900 na kundi la Mahara's Minstrels, akiwa kiongozi wa bendi yao. Katika kitabu alichoandika uzeeni anasimulia jinsi alivyowaona wachezaji weusi wa Memphis wakichangamka kila habanera ilipoingia, na "St. Louis Blues" akautega makusudi: awachezeshe tango, kisha awaangushe ghafla ndani ya bluzi. Kwa hiyo tulichokipokea leo kama cha kwetu kilitoka Havana kwa njia mbili, moja ikapita Memphis, nyingine ikaja na meli mpaka kwetu, na sebuleni kwangu zikakutana wakati mpiga besi yuko sehemu zake.

Mfupa wa kwanza umepatikana. Tatizo limebaki kutoka humo na kurudi bluzi. Nimeandika ukutani kwa chaki: 16 TU.

Jumamosi, 24 Januari

Siku ya maneno. Nitaandika kwa urefu kwa sababu karibu mradi ufe.

Wimbo unaanza na mtu asiyependa kuliona jua la jioni likizama. Mstari huo unaimbwa, unarudiwa vilevile, kisha wa tatu unatoa sababu: mpenzi kaondoka mjini. Ndiyo kawaida ya bluzi, A, A, kisha B. Nilimpa Bibi tafsiri yangu, mistari iliyonyooka kama taarifa ya habari. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe.

"Mwanangu, huu mstari wa pili ni uleule wa kwanza."

"Ndiyo, Bibi, ndivyo ulivyo."

"Mimi nikisimama mbele ya watu wa Tanga nikarudia mstari mzima neno kwa neno, watasema nimeishiwa. Na watakuwa sahihi."

Nikajaribu kueleza: kurudia kunampa msikilizaji nafasi ya kungoja, na mwimbaji wa bluzi alikuwa akitunga papo hapo, ule mstari wa pili ni muda wa kutafuta wa tatu. Bibi akasema mtu anayetafuta maneno atafute nyumbani. Mzee akacheka, jambo ambalo halikusaidia. Bibi akavaa viatu.

Kilichomrudisha ni hesabu ya beti. Dogo, ambaye hajawahi kutunga shairi maishani mwake, alikuwa anatazama skrini akasema tu: "Lakini si mistari mitatu? Nyimbo za bibi yangu zote ni mistari mitatu." Bibi akasimama mlangoni na kiatu kimoja.

Wimbo wa asili wa Kiswahili ni mistari mitatu. Kila mstari mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Taarabu ya zamani imejaa beti hizo. Na bluzi ya vipimo 12 ni mistari mitatu, kila mstari vipimo vinne: takriban viwili vya kuimba, viwili vya kujibiwa. Mizani 16 ndani ya vipimo viwili ni mizani mbili kwa kila pigo. Inaingia kama ufunguo. Handy aliichonga beti hii Memphis bila kumjua mtu yeyote wa Pangani, na sisi tumekuwa tukiipiga mikwara kama mgeni.

Kuhusu kurudia, Bibi alitoa hukumu yake: ukwapi ubaki, utao ubadilike. Yaani nusu ya kwanza ya mstari irudiwe, nusu ya pili iseme jambo jipya. Aliketi, akaomba kalamu, na kabla ya adhuhuri tulikuwa na hii:

Sipendi jua kuzama, moyo wangu huumia
Sipendi jua kuzama, usiku huniambia
Nilompenda daima, mwingine kajitwalia

Hesabu mwenyewe kwa vidole. "Ma" katikati mara tatu, "ia" mwishoni mara tatu. Mstari wangu wa taarifa ya habari bado uko chini ya kikombe.

Chumba cha pili kilikuwa na fundo lingine. Handy anamtaja mwanamke wa St. Louis mwenye pete za almasi, anayemburuta mwanamume kwa kamba za aproni. Aproni kwetu ni vazi la mpishi wa hoteli. Bibi hakuhangaika hata kidogo: "Mwanamke humfunga mtu kwenye pindo la kanga. Ndimo zinamokaa pesa." Ikawa:

Mwenye pete za thamani, amemfunga pindoni

Sikuongeza neno.

Jumatano, 4 Februari

Tumemleta mpiga fidla, rafiki wa Bibi, aje kujibu mahali pa koneti ya Armstrong. Nilimwekea Bessie. Ile sauti ya tatu ya ngazi, ambayo kwenye bluzi haiko juu wala chini, mimi kwenye gitaa naitafuta kwa kuvuta waya. Mpiga fidla aliiweka kidole mara ya kwanza. "Hii ni kama ile ya rasti," akasema, kana kwamba nimemuuliza bei ya nyanya. Katika maqamu ya rasti, ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, nayo sauti ya tatu hukaa katikati. Sisemi ni kitu kimoja. Zinatokea mbali na zinakwenda njia tofauti. Lakini mkono wake ulikuwa unaijua nafasi hiyo, na kinanda cha dogo hakina kitufe cha hapo. Dogo alisaga meno, akaanza kutumia gurudumu la kupindisha sauti.

Mpiga besi amekuja! Amesema alikuwa na msiba. Pole zake, na sasa najuta nilichoandika huko juu.

Jumamosi, 14 Februari

Beni. Hii ilikuwa hoja ya mzee tangu siku aliposikia gwaride la Glenn Miller: kama Wamarekani waliutembeza kwa miguu, sisi tunao mguu wetu. Babu yake alikuwa Marini, wapinzani wa Arinoti, enzi ambazo vyama vya beni vya pwani vilishindana kwa sare, vyeo na matarumbeta mpaka ukoo ukagawanyika. Unguja beni bado linatoka harusini. Hapa limebaki kwenye hadithi na kwenye picha moja ya mzee ambayo nyuso zote zimeliwa na unyevu.

Mimi naongeza jambo ambalo lilimfurahisha zaidi. Handy alikuwa mpiga koneti, na bendi za namna ya ile ya Mahara's zilitangaza onyesho kwa kupita mitaani zikipiga shaba. Kwa hiyo miaka ileile ambayo beni linachipua pwani ya huku, mtunzi wetu alikuwa anatembea juani na koneti mdomoni akiwa amevaa sare. Miller hakuugeuza wimbo uwe gwaride, aliurudisha barabarani. Na sisi vilevile.

Tumeazima vijana wawili wa matarumbeta kutoka kwaya ya kanisa la Kilutheri. Wanasoma noti kama gazeti, mzee hasomi hata moja, na wanaelewana vizuri kuliko mimi na mtu yeyote. Shida yao ni usafi. Kila sauti inatoka imenyooshwa pasi. Mzee aliwaambia: "Wanangu, hapa hatuziki mtu. Tunamtania jirani." Wakajaribu kupiga vibaya kwa makusudi, ambayo ni kazi ngumu kuliko kupiga vizuri. Jioni ilikuwa imeanza kukaa. Huku hakuna maneno, isipokuwa kibwagizo cha "amemfunga pindoni" kinachopigiwa kelele na kila aliyepo, pamoja na watoto wa nje.

Ngozi ya ngoma kubwa imepasuka kwenye pigo la mwisho. Tunasimama hapa, wiki ijayo Ramadhani inaingia, na Bibi ameshasema mpaka baada ya Idi asiulizwe habari za mtu aliyefungwa kwenye kanga.

Jumamosi, 28 Machi

Tumerudi. Nimewakumbusha wenzangu kuwa leo inatimia miaka 68 tangu Handy afariki. Mzee akasema Innalillahi, dogo akauliza kama kuna chai.

Kwa mwezi wote dogo alikuwa peke yake na singeli, na leo ameitoa. Kwanza hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomtesa. Kwa kasi yetu ya taarabu, mapigo 72 kwa dakika, beti moja ya vipimo 12 inachukua sekunde 40. Kwa kasi ya singeli aliyoichagua, mapigo 240, beti hiyohiyo inakwisha kwa sekunde 12. Hakuna mtu anayeweza kusikitika kwa sekunde 12. Alijaribu kumrukisha Bessie kwa kasi hiyo, akasikika kama redio iliyomezwa na paka. Akajaribu kumwacha Bessie polepole juu ya biti ya mbio, ikawa nzuri kwa mistari miwili kisha kila mtu akapotea, kwa sababu mama yule hafuati saa ya mtu.

Mwisho akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alimtoa Bessie kabisa, akabakiza majibu ya Armstrong: vile vipande vya koneti baina ya mistari. Amevipandisha kasi, amevipanga kwenye lupu, na kwenye nafasi ya mwimbaji ameweka ukimya, biti tupu, ambamo MC wake anatupa maneno. Yaani koneti iliyopulizwa ndani ya pembe mwaka 1925 sasa inamjibu kijana wa Mabawa anayelalamika kuwa demu wake kahamia Dar. Na inajibu vizuri!

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Umemfukuza mwenye nyumba, umebakiza wapangaji."

Dogo hakubisha. Aliinama, akafanya fanya kwenye kompyuta kwa nusu saa, akamrudisha Bessie mara moja tu, mwishoni kabisa, biti ikiwa imekatika: mstari mmoja, kasi yake mwenyewe, mikwaruzo yote. Bibi akasema sasa angalau mwenye nyumba anajua nani anakaa kwake.

Mimi bado nina wasiwasi na singeli hii. Nikiisikiliza usiku naona imefanya kile Miller alichofanya, imechukua mfupa mmoja na kuukimbiza. Asubuhi nikiisikiliza naipenda kuliko zote. Nimeacha kuamua.

Jumatano, 8 Aprili

Haya ya leo nayaandika kwa hasira, nitayapunguza kesho. Studio tuliyolipa nusu ya malipo tangu Februari imetupa nafasi ya saa tano usiku, na tulipofika tukakuta mtu mwingine ndani anarekodi tangazo la sabuni. Tukasubiri. Saa nane umeme ukakatika. Ulipokuja, faili la fidla halikuwapo, na fundi mitambo akatuuliza sisi lilikwenda wapi. Mpiga fidla ni mtu wa miaka 70. Alifunga fidla yake kwenye kitambaa, akasema tutaonana Inshallah, akaondoka kwa miguu.

Nimepunguza. Hapo juu palikuwa na maneno mengine.

Tumekubaliana kurekodi taarabu sebuleni, kwa maikrofoni mbili na magodoro ukutani. Bessie alifanya kwa pembe.

Jumapili, 19 Aprili

Tumerekodi taarabu. Tulianza alasiri ili tumalize kabla ya adhana ya magharibi, na kila kitu kilichelewa kama kawaida: godoro lilianguka juu ya mpiga besi (alikuwapo, na wa kwanza kufika), kuku wa jirani akaimba kwenye G maina, mpiga fidla akaja na waya mpya ambazo zilikuwa zinalegea kila baada ya dakika mbili.

Mpangilio tuliokubaliana: fidla peke yake inafungua, kisha Bibi beti mbili za bluzi kwa mapigo 72, gitaa langu chini sana, fidla inajibu kila mstari. Kisha habanera, 16 tu, chaki bado iko ukutani. Kisha bluzi ya mwisho na saksafoni. Mara ya kwanza tulitoka habanera kwenye kipimo cha 16 sawasawa, na mpiga tumba alinyoosha mkono juu kama amefunga goli, akagonga maikrofoni. Mara ya pili waya wa fidla. Mara ya tatu tukafika mwisho bila kosa, na nikaisikiliza, na ilikuwa safi, na haikuwa na kitu ndani. Kama wale vijana wa matarumbeta siku ya kwanza.

Mara ya nne jua lilikuwa limeshuka, mwanga umeingia kwa ubavu kupitia dirisha la upande wa Bibi, ukawa unampiga usoni. Fidla ikafungua. Bibi akaimba mstari wake wa kwanza, "Sipendi jua kuzama, moyo wangu huumia." Fidla ikamjibu. Kisha, badala ya usiku huniambia, akaurudia mstari wote, neno kwa neno, "Sipendi jua kuzama, moyo wangu huumia," chini zaidi, karibu kama anasema. Mpiga fidla alingoja kidogo kuliko kawaida kabla ya kujibu. Mimi sikuthubutu kuinua kichwa kutoka kwenye gitaa. Mstari wa tatu ukaingia mahali pake.

Tulipomaliza dogo aliuliza kama tupige tena, kwa sababu Bibi amekosea maneno.

Bibi alikuwa anatafuta viatu vyake. "Iacheni hiyo," akasema.

Kazi iliyobaki: ngozi ya ngoma kubwa, shilingi haijapatikana; singeli kuchanganywa upya kwa sababu koneti inauma masikio kwenye spika za simu; kumrudishia mchungaji tarumbeta zake kabla hajaja kuzidai.